Kaskazini ya Baba

Shuleni, Kajiado
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa Mhandisi Muthoki,

Hunijui. Jina lako na sanduku la posta nimetoa kwa kile kibao cha chini ya mlingoti, ule mrefu wa kupima upepo huko juu ya kilima kwa kina Nalangu. Nalangu ni deskmate wangu. Mimi ni Sheryl Akoth, kidato cha tatu, na kwetu ni Noonkopir, hapo Kitengela. Barua hii inaletwa na Madam Evalyne, mwalimu wetu wa jiografia, kwa sababu hapa simu ni marufuku na yeye kila Ijumaa huenda kwake Kitengela. Ameapa hasomi.

Mimi si mtu wa kuongea. Nalangu husema heri nile githeri bila chumvi muhula mzima kuliko niombe chumvi meza ya pili. Ni ukweli. Kwa karatasi ndio niko na mdomo kidogo.

Nalangu alirudi kutoka likizo fupi ya half-term akiwa amenuna. Alisema ulienda kwao ukawaambia wazee kwamba ile mitambo kumi na moja ya umeme wa upepo huenda isijengwe, kwa sababu mlingoti unaonyesha upepo unatoka kaskazini, na kilima chenyewe kimelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Alisema mama yake alicheka hadi akashika mlango. "Upepo wa hapa utoke kaskazini? Tangu lini?"

Sasa swali langu. Tuseme kuna mlingoti mahali. Tuseme ule mshale wa juu, unaosema upepo unatoka wapi, ulifungwa ukiangalia upande mwingine, lakini watu wakaandika ni kaskazini. Hiyo inaweza kuharibu kitu kikubwa? Ama ni jambo dogo tu?

Ni rafiki yangu anauliza.

Wako kwa heshima,
Sheryl Akoth


Kitengela
Jumapili, 6 Julai 2025

Sheryl,

Madam Evalyne alinipata ofisini, juu ya duka la simiti, nikiwa nimezungukwa na karatasi za huo mlingoti wenu. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Halafu nikakaa chini.

Mwambie rafiki yako si jambo dogo. Wewe husimama wapi kwa foleni ya githeri? Wa mbele anapata maharagwe, wa mwisho anapata supu. Mitambo ni vivyo hivyo. Ikiwa kumi na moja kwa mstari mmoja, na upepo ukaja kwa urefu wa mstari, mtambo wa kwanza unakula, wa pili unaramba, wa kumi na moja unalala njaa. Lakini upepo ukija kwa ubavu, yote inakula pamoja. Kilima ni kile kile na upepo ni ule ule. Tofauti ni mwelekeo tu.

Wawekezaji wananiuliza swali moja tu: kati ya miaka kumi, ni miaka mingapi mitambo itatoa umeme tunaoahidi? Wao wanataka nijibu tisa, na nithibitishe. Kwa data niliyo nayo sasa siwezi hata kusema sita. Kikao ni tarehe 5 Septemba. Baada ya hapo pesa zao zinaenda nchi nyingine, na mlingoti utashushwa ukauzwe vyuma.

Nikwambie kitu ambacho sijaambia mtu. Hii data imeninyima usingizi tangu Januari, nilipopewa kazi hii. Juu ya mlingoti kuna seti mbili za vikombe vya kupima kasi, moja kila upande. Kila siku seti moja inapungua, kana kwamba mlingoti wenyewe unaikinga upepo. Lakini kwa mwelekeo ulioandikwa, haiwezi kukingwa. Nilidhani vikombe vimeharibika. Sikufikiria mshale.

Upepo mdogo haunitishi, Sheryl. Kinachonitisha ni namba ambayo siwezi kuiamini. Lakini siwezi kwenda mbele ya wawekezaji na "kuna mtu alisema." Rafiki yako anajua nini hasa, na alikijuaje?

Muthoki


Shuleni, Kajiado
Jumatano, 9 Julai 2025

Madam Muthoki,

Hakuna rafiki. Ni mimi. Nadhani ulijua.

Fundi mkuu aliyesimamisha mlingoti ni Baba yangu, Ochola. Ilikuwa Jumatano tarehe 14 Agosti mwaka jana, likizo. Nilienda kwa sababu Baba anaandika kama kuku aliyekanyaga wino, na kampuni inataka fomu zisomeke. Basi yeye hufanya kazi na mimi ninajaza.

Asubuhi ile walipofika kwa kufunga ule mkono wa mshale, kile chuma cha kuushikilia ambacho lazima kielekee kaskazini, Baba alitafuta dira kwa mfuko. Haikuwa. Ilikuwa imebaki Noonkopir kwa koti la kanisa. Nilimwona akishika mifuko yote, kisha akishika tena ile ya kwanza. Vijana walikuwa wameshika kamba wakimngoja. Mmoja akamuuliza, "Mzee, kaskazini ni wapi?" Baba akacheka kwa sauti, akanyoosha mkono kwa ile barabara ya murram.

"Nairobi ni wapi? Hata mtoto anajua kaskazini ni Nairobi! Fungeni hapo."

Wakacheka wote. Wakafunga.

Sasa kwetu Kitengela hakuna mtu husema kaskazini. Tunasema juu ni Nairobi, chini ni Namanga. Na ile murram ya kwa kina Nalangu ndiyo magari yote ya kwenda Nairobi hupitia. Lakini haielekei Nairobi. Inaenda moja kwa moja mashariki hadi ikutane na lami, ndiyo ikunje. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama hapo na jua la asubuhi limenipiga usoni, na ule mkono wa mshale umeelekea jua.

Nilisogea karibu na yeye. Nikasema polepole, "Baba, lakini jua..." Hakunisikia, ama alisikia. Akasema, "Akoth, letea hawa watu chai." Nikaleta chai. Ningemwambia baba yangu amekosea mbele ya vijana sita? Nani hufanya hivyo?

Halafu alinipa fomu. Kuna mstari umeandikwa: Kaskazini imethibitishwa kwa dira. Ndiyo au Hapana. Nikaweka alama kwa Ndiyo. Hiyo alama ni yangu. Mkono wangu, kalamu yangu. Hilo ndilo sijawahi kuambia mtu, hata kanisani.

Unauliza ushahidi. Niko na picha. Walipomaliza nilipiga mlingoti ukiwa umesimama, na mkono wa mshale, na kivuli chote chini hadi mwisho. Simu huandika saa: mbili na dakika arobaini na saba asubuhi. Picha iko kwa simu yangu, na simu iko kwa droo ya Mama.

Nakuomba kitu kimoja tu. Tumia picha, lakini usiandike jina la Baba. Hiyo milingoti ndiyo kitu cha pekee mtu amewahi kumwitia "mkuu."

Sheryl


Noonkopir
Ijumaa, 11 Julai 2025

Akoth nyara, binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako ni mzima, mdogo wako Cindy ameng'oa jino la mbele na anauliza kama utamletea lingine kutoka Kajiado.

Barua hii ni fupi. Nasikia watu wa ofisi wameanza kuuliza maswali juu ya ule mlingoti wa kilimani. Wanataka fomu za mwaka jana. Sasa sikia vizuri. Mtu yeyote akikuuliza kitu juu ya ile siku, awe mwalimu, awe mhandisi, sema hujui. Sema ulikuwa unaleta chai. Usiongeze neno. Mambo ya kazi ni yangu, niachie.

Soma. Usinisumbue akili.

Baba yako,
Ochola


Kitengela
Jumapili, 13 Julai 2025

Sheryl,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza kama mhandisi, nikaruka kwa kiti. Kama mkono umeelekea jua la asubuhi, basi kila upepo ulioandikwa "kaskazini" ulitoka mashariki, na vile vikombe havijaharibika hata kidogo. Vilikuwa vinasema ukweli mwaka mzima na mimi nikiviita waongo. Mara zile zingine tatu nilisoma kama mtoto wa mtu. Baba yangu alikuwa akichonga mawe kwa kwari hapa Kitengela. Najua neno "mkuu" lina uzito gani kwa nyumba.

Lakini jina siwezi kuficha. Sikiliza kwa nini. Nikiandika "imegunduliwa mshale ulipotoka," mkaguzi wa wawekezaji, Bwana Wathome, atauliza: uligunduliwa na nani, ulipotoka vipi, na ni nini kingine kilipotoka mkanyamaza? Kosa lisilo na mwenyewe huchafua kila namba iliyo karibu nalo. Kosa lenye jina, siku na saa, hilo naweza kulipima na kulirekebisha. Vinginevyo mwaka mzima wa data tunatupa.

Na jina lako pia litakuwa hapo. Samahani.

Sitamwendea baba yako nyuma yako. Mwambie wewe. Tarehe 22 naanza kuandika ripoti, na kufikia hapo nahitaji picha, na nahitaji yeye aje mwenyewe.

Muthoki


Shuleni, Kajiado
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Uliniambia niseme sijui. Barua yako ilifika wakati nilikuwa nimeshasema.

Nimemwandikia Mhandisi Muthoki. Nimemwambia yote: dira kwa koti la kanisa, barabara ya murram, chai, na ile alama ya Ndiyo. Nimemwambia na jina lako. Hakunilazimisha.

Baba, nimejaribu kuandika hii barua mara tano na kila mara naanza kwa kukusifu ili usikasirike, halafu naona ni ujanja, nairarua. Basi naandika tu. Upepo wa kwa kina Nalangu unatoka mashariki. Wewe ulinyoosha mkono mashariki ukasema kaskazini. Nilijua, nikaogopa, nikakuletea chai. Sasa mitambo yote kumi na moja inaenda kupotea kwa sababu ya woga wangu na mkono wako. Nalangu hajui ni sisi. Tunakaa dawati moja, ananigawia sukari yake, na hajui.

Madam Muthoki anasema kosa likiwa na mwenyewe linaweza kurekebishwa. Anataka picha iliyo kwa simu yangu. Na anataka uende kwake kabla ya tarehe 22. Ofisi ni juu ya duka la simiti, ngazi za nje.

Kama utanikasirikia, nikasirikie. Lakini nenda.

Binti yako,
Akoth


Noonkopir
Jumapili, 20 Julai 2025

Akoth nyara,

Mama yako amesoma barua yako kwa sauti, mbele ya Cindy, halafu akaniangalia kama mtu ametoa nyama kwa sufuria kabla wageni wafike. Alienda kwa droo akaleta simu yako, akaiweka mbele yangu pale mezani.

Nimeangalia ile picha. Aki ya Mungu, Akoth, kivuli kimelala huku na mkono umeenda kule. Hata Cindy ameona. "Baba, mbona hiki kitu kinaangalia jua?" Miaka sita, huyo, hana jino.

Sasa nikuambie kitu, na usimwambie mtu nilikuambia kwa barua. Mimi nilijua. Si siku ile. Siku ile niliamini kabisa. Ni Novemba nilienda kukaza nyaya, asubuhi mapema, nikasimama pale chini nikainua macho, na jua lilikuwa linachomoza upande niliouita kaskazini. Nikajiambia nitasema Jumatatu. Unajua Jumatatu ziko ngapi tangu Novemba? Mimi nimezihesabu.

Na kwa nini nilikuandikia unyamaze? Ulidhani najificha nyuma yako. Hapana. Ile fomu ni mwandiko wako, nyara. Mtu akisoma ataona msichana ameweka alama ya uongo. Niliona afadhali niseme wewe ulikuwa wa chai tu, na mimi nibebe yote. Sasa naona tumekuwa tukifichana kitu kimoja, kila mtu na pembe yake.

Kesho Jumatatu. Ndiyo, Jumatatu. Nitakuwa kwa hizo ngazi kabla mama wa duka afungue.

Sijakasirika. Nimeona aibu, lakini aibu si hasira, na inapita haraka kama umelala vizuri.

Baba yako


Shuleni, Kajiado
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Madam Muthoki,

Tumefungua shule na kichwa changu bado kiko kilimani. Ile siku ya kushusha mlingoti ili mshale ufungwe sawa, kabla haujashushwa wewe ulikuwa umeinama kwa kile chombo cha mpima ardhi, hukuona mambo mengine. Acha nikuambie.

Wakati mpima ardhi aliita, "Nyuzi themanini na saba!", wewe uliandika tu. Lakini Baba alitoa helmeti. Themanini na saba kutoka kaskazini, yaani mashariki kabisa, imebaki nyuzi tatu! Vijana wake wote sita walimwangalia. Yule aliyeuliza mwaka jana "kaskazini ni wapi" alitazama viatu vyake. Nilijua wanangoja Baba aseme dira iliharibika, ama mlingoti ulizunguka, ama mtoto alichanganya fomu. Aliwaambia, "Ni mimi. Nilisahau dira kwa koti, nikaona haya kusema. Na huyu binti aliona, nikamtuma chai. Siku nyingine mtu akiona kitu, hata kama ni mpika chai, mimi nanyamaza, yeye anasema."

Madam, sikujua nitazame wapi. Nilitazama ng'ombe.

Na ng'ombe ndio walileta kicheko. Mama yake Nalangu alikuwa amekuja kuona, akasimama na fimbo yake, akatusalimu Kimaasai, "Sopa! Mmemaliza kuuliza chuma? Mngeuliza hawa." Nikaangalia. Ng'ombe wake wote walikuwa wamelala wakiwa wamegeuzia mashariki mgongo. Hata mmoja hakuwa amekosea. Hata boma lao limejengwa hivyo, mlango uko magharibi, na ule ua wa miiba umefanywa mnene mara mbili upande wa mashariki. Baba alicheka hadi akakaa chini kwa nyasi.

Nalangu nimemwambia. Nilimwambia siku tuliyofungua, kabla ya kutoa viatu. Chai ya saa kumi hakunigawia sukari. Kisha, chakula cha jioni, akasukuma chumvi upande wangu bila kuombwa. "Kula, wewe mtu wa kaskazini." Nadhani amenisamehe, lakini hilo jina sasa bweni lote linalo.

Kikao ni Ijumaa ijayo. Siulizi kama watapitisha. Nauliza kama Baba atafutwa. Nataka nijue wewe unafikiria nini kweli, si kitu cha kunituliza.

Sheryl


Kitengela
Jumapili, 7 Septemba 2025

Sheryl,

Sikujibu barua yako kwa sababu sikuwa najua, na uliniomba nisikutulize. Sasa najua, kwa hivyo kaa chini.

Nilimpeleka baba yako kikaoni. Alivaa koti la kanisa. Mfukoni alikuwa na dira. Alinionyesha mara tatu kabla tufike.

Wawekezaji walikuwa watano, na Bwana Wathome mwisho wa meza, miwani puani, na ripoti yetu imejaa mistari myekundu. Nilieleza ushahidi wote. Picha yako kwanza: nilionyesha jua lilikuwa wapi tarehe 14 Agosti saa mbili na dakika arobaini na saba, na kivuli kilipaswa kulala wapi, na kililala hapo hapo. Halafu vikombe: ukigeuza mwelekeo nyuzi themanini na saba, ule ugomvi wao unaisha, kila seti inapungua pale tu mlingoti unapoikinga. Halafu kipimo cha mpima ardhi. Njia tatu ambazo hazijuani, na zote zimefika mahali pamoja.

Wathome akavua miwani. "Kwa hivyo mwaka mzima wa data, Mhandisi, uliwekwa na mtu asiyekuwa na dira?"

Nilifungua mdomo. Baba yako alikuwa ameshasimama.

"Ndiyo, bwana. Ni mimi, Ochola."

"Na fomu inasema ulithibitisha kwa dira."

"Fomu inasema uongo. Alama iliwekwa na mtoto wangu kwa sababu nilimpa fomu na nikamkazia macho. Yeye ndiye alikuja kuirekebisha. Mimi nilikaa nayo miezi minane."

Mtu akasukuma kikombe. Wathome akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Halafu akasema, na hii nimeiandika palepale ili nikuletee bila kuongeza: "Nimekagua ripoti za upepo miaka kumi na minane. Kila mara mimi ndiye natafuta kosa na wao wanalificha. Hii ndiyo ya kwanza kunipa kosa mkononi na vipimo vyake. Nikiweza kuamini ukurasa huu, naweza kuamini na hizo nyingine."

Alichukua kalamu yake nyekundu na akafanya hesabu yake mwenyewe, polepole, sisi wote tukimtazama kama watu wanaongoja mtihani urudi. Akaandika namba, akaizungusha, akasukuma karatasi katikati ya meza.

Tisa.

Miaka tisa kati ya kumi, Sheryl! Wametia sahihi saa nane mchana. Mitambo kumi na moja.

Na baba yako hajafutwa. Wawekezaji hao wako na milingoti mingine sita nchini, na Wathome anataka kila mmoja ukaguliwe upya, mshale kwa mshale. Alisema kazi hiyo apewe mtu ambaye hawezi tena kusahau dira. Wote walicheka, na baba yako akacheka zaidi yao.

Kitu cha mwisho. Nimebadilisha fomu. Ule mstari wa Ndiyo na Hapana nimeufuta. Sasa watu wawili wanapima kaskazini kila mmoja peke yake, bila kusikizana, na aliye mdogo ndiye anasoma namba yake kwanza. Na lazima kuwe na picha ya kivuli yenye saa. Bila hiyo data haingii kwangu.

Nimechoka na nimefurahi. Nenda upige kelele mahali.

Muthoki


Shuleni, Kajiado
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Madam Muthoki!!!

Nilipiga kelele. Bahati mbaya ilikuwa darasani.

Madam Evalyne alinipa barua akiingia, akasema nisome baada ya somo. Sikuweza. Niliisoma chini ya dawati, na nilipofika kwa "Tisa" nilisikia mtu anapiga ukemi, nikageuka nione ni nani. Ilikuwa mimi. Nalangu akanyakua karatasi, akasoma, akapanda juu ya dawati! Juu, na viatu! "Kumi na moja! Kwetu! Kumi na moja!" Akaanza kuruka kama moran. Beverlyne wa nyuma hakujua hata ni nini lakini akaruka pia. Kufika dakika ya pili darasa lote lilikuwa juu.

Naibu mwalimu mkuu akatokea mlangoni. Akauliza nani ameanza. Kwa kawaida mimi ningejikunja kama karatasi ya kufunga mandazi. Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi, mwalimu. Tumeshinda." Akauliza tumeshinda nini, nikaanza kueleza, mshale, vikombe, kivuli, nyuzi themanini na saba, miaka tisa kati ya kumi, mbele ya watu hamsini na wawili, na sauti haikukatika. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema vizuri sana. Halafu akatupa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja, darasa zima.

Madam, tumefyeka kwa nyimbo. Madam Evalyne alikuja kusimamia, kumbe amekuja na karatasi anataka nimchoree ile ya kivuli afundishe kidato cha pili.

Sina zaidi. Mikono yangu imevimba na sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Sheryl Akoth


Kajiado, kilimani
Jumapili, 21 Septemba 2025

Akoth nyara,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa jiwe, si mbali na shule yako, lakini leo si siku ya wazazi na mlinzi wenu hana huruma. Madam Evalyne atakuletea.

Nimekagua mlingoti wa kwanza kati ya ile sita. Uliwekwa na wahandisi wenyewe, wenye vyeti na viatu vya ngozi. Nilipima mara tatu nikidhani macho yangu yamechoka. Nyuzi kumi na moja nje! Kijana wao aliniambia, "Mzee, haiwezekani, tulitumia simu." Nikamuuliza simu ilikuwa kwa kifuniko gani. Akaitoa. Kile cha kufunga na sumaku. Nikamwambia aisogeze karibu na dira yangu, na sindano ikazunguka kama mtu amesikia jina lake. Sikumcheka. Nilimwagizia chai, tukakaa, nikamwambia namna ya kuandika jina lake juu ya kosa. Tuliandika pamoja.

Leo nimekuja huku kwa kina Nalangu kwa sababu wapima ardhi wamepiga vigingi vya mitambo. Kumi na moja, vimepakwa rangi nyekundu, kutoka mwisho wa kilima hadi mwisho. Mama Nalangu amefunga mbuzi wake mbali, anasema hao watakula rangi. Nilisimama kwa kigingi cha kwanza nikaangalia vile vingine kumi, mstari mmoja hadi macho yanaishia.

Nyara, upepo umenipiga ubavu wa kushoto, wote, kutoka bega hadi goti, na umepiga vigingi vyote kumi na moja kwa wakati mmoja. Kofia yangu mpya imeruka ikaenda magharibi. Vijana wamepiga kelele, "Mzee, kofia!" Nimewaambia iacheni iende, tuione inafika wapi.

Baba yako,
Ochola, fundi mkuu